Kabla ya Kununua Betri Mpya, Angalieni Mashine Imeambiwa Nini

Vikundi vingi siku hizi vina sola. Si ile ya taa moja na redio, ila ile yenye mashine ukutani, inveta, na betri moja, mbili au nne zimepangwa chini yake. Kuna wanaoitumia kutotolea vifaranga, kuna wanaochaji simu siku ya soko, kuna wenye friji ya maziwa na wenye kinyozi. Na malalamiko yao hufanana. Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa sawa. Mwaka wa pili taa zinazima saa mbili usiku, mashine inapiga kelele, na fundi akiitwa anatazama mara moja na kusema, "Betri imekufa. Nunueni nyingine."

Basi mkutano unaitwa na mweka hazina anafungua kitabu. Betri ya kazi hii bei yake ni makumi ya maelfu ya shilingi, na zikiwa nne hiyo ni akiba ya wanachama ya muda mrefu. Mpya zinanunuliwa, zinafungwa kwa waya zile zile, chini ya mashine ile ile. Ikipita miaka miwili mnarudi pale pale, kwa sababu hakuna aliyeuliza zile za kwanza ziliuawa na nini.

Makala haya ni ya kuwasaidia kuuliza. Betri huisha, hilo ni kweli, hakuna betri ya milele. Lakini nyingi huuawa kabla ya siku zao na mashine ambayo haikuambiwa imefungiwa betri ya namna gani. Kubadilisha mipangilio hakuhitaji kununua kitu. Kunataka kitabu cha mashine, mita ya kupima volti, na mtu mmoja mwenye subira.

MASHINE HAIONI, INAHISI VOLTI TU

Ukitaka kujua kama ng'ombe amekonda unatazama mbavu, unatazama macho, unamshika ngozi. Inveta haina macho. Inachojua kuhusu betri ni kitu kimoja: volti zilizo kwenye nyaya mbili nene zinazoingia ndani yake. Volti zikipanda mpaka namba fulani, inasema betri imejaa na inapunguza kuchaji. Zikishuka mpaka namba nyingine, inasema betri imekwisha na inazima.

Hizo namba hazikutoka kwa betri yenu. Zilipangwa kiwandani kwa betri ya kukisia, na kazi ya fundi siku ya kufunga ilikuwa kuzibadilisha zilingane na betri mliyonunua. Mafundi wazuri hufanya hivyo. Wengine wakishaona taa imewaka hupokea pesa yao na kwenda.

Hapa chini tutatumia namba za betri ya volti 12. Mkiwa na betri mbili zilizounganishwa kuwa 24, zidisheni kila namba mara mbili. Zikiwa nne za kufanya 48, zidisheni mara nne.

PIMENI KWANZA

Msiguse kibonye chochote kabla ya kupima. Usiku mkimaliza kazi, zimeni inveta kwa swichi yake yenyewe, si taa tu. Asubuhi mapema, kabla jua halijagusa paneli, mtu achukue mita, aiweke upande wa DC, na apime kila betri peke yake, waya mwekundu kwenye kichwa chenye alama ya kujumlisha na mweusi kwenye kile cha kutoa.

Betri ya maji au ya kufungwa iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7. Ikiwa nusu ni kama 12.2. Ikisoma 11.9 au chini ya hapo imekwisha. Basi asubuhi, baada ya matumizi ya jioni, mkiona 12.3 au 12.4 hiyo ni habari njema. Mkiona 11.8 kila siku, betri yenu inalala njaa, na betri inayolala njaa haizeeki vizuri.

Namba moja ya kuangalia sana ni 10.5. Ndani ya betri ya volti 12 mna vyumba sita, kila kimoja kina karibu volti mbili. Ikiwa betri moja, hata baada ya kuchajiwa mchana kutwa, inasoma 10.5 na wenzake wako kwenye 12 na kitu, chumba kimoja kimekufa. Hapo fundi wenu alisema kweli. Mipangilio haitaifufua, na afadhali itolewe upesi kwa maana inawavuta wenzake chini. Lakini ni hiyo moja iliyokufa, na kabla ya kuzitupa zote nne zipimeni hizo nyingine.

Mchana, jua likiwa kali na betri zikichajiwa, pimeni tena kwenye vichwa vya betri huku mwingine akisoma kioo cha inveta. Namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana sana. Kioo kikisema 14.4 na mita ikisema 13.7, volti zinapotelea njiani. Labda kibano kimelegea, labda kuna ule ukungu mweupe wenye kijani kwenye vichwa, labda waya ni mrefu na mwembamba mno. Mashine inadhani betri imeshiba kumbe chakula kiliishia njiani. Zimeni kila kitu, toeni vibano, osheni kwa maji yenye magadi kidogo (yasiingie ndani ya betri), kausheni, kazeni, halafu mpake grisi juu. Waya kati ya betri na inveta uwe mnene na mfupi kadiri iwezekanavyo. Kuna nyumba ambazo ugonjwa wote ulikuwa hapo tu.

Na kama betri zenu ni za maji, fungueni vifuniko mtazame. Maji yakiwa chini ya zile bamba, hakuna mpangilio utakaosaidia. Ongezeni maji safi ya betri, yale yanayouzwa kwa chupa, kiasi cha kufunika bamba, kisha mjaze hadi alama baada ya betri kuchajiwa. Si maji ya mfereji, si ya mto, na si asidi.

AINA YA BETRI: SWALI LA KWANZA

Tazameni betri yenyewe, msitegemee risiti. Ikiwa na vifuniko sita vya kufungua, ni ya maji. Ikiwa nzito na imefungwa kabisa, ni ya kufungwa, na mara nyingi imeandikwa AGM au GEL. Ikiwa nyepesi kwa ukubwa wake na imeandikwa LiFePO4, au volti 12.8, 25.6 au 51.2, hiyo ni lithiamu.

Sasa nendeni kwa mashine. Zile inveta zinazouzwa sana siku hizi, zinazopokea jua na stima ya nguzo pamoja, zina kioo kidogo na vibonye vinne. Ukibonyeza ENTER na kushikilia kama sekunde tatu, unaingia kwenye mipangilio. Kila jambo lina namba yake. Unapanda na kushuka kwa UP na DOWN, unachagua kwa ENTER, unatoka kwa ESC. Tunataja namba za aina hiyo kwa kuwa ndiyo iliyoenea. Mashine yenu ikiwa ya kampuni nyingine namba zitakuwa tofauti, lakini maswali ni hayo hayo, na kitabu chake kitawaonyesha mahali.

Namba 05 ni ya aina ya betri. Mashine hizi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa AGM. Ikiwa hivyo, hujaza betri hadi 14.1 na kusema yatosha. Betri ya maji inataka karibu 14.6. Nusu ya volti yaonekana kitu kidogo, si ndiyo? Hapo ndipo betri nyingi za maji zinapofia.

Kila betri ya risasi inapotumika, bamba zake hujipaka chumvi nyeupe. Ikichajiwa ikajaa kabisa, ile chumvi huyeyuka na kurudi kwenye maji. Isipojaa, nyingine hubaki. Ikibaki wiki, ikabaki mwezi, hukauka na kuwa kama ule ukoko mweupe wa maji ya chumvi ndani ya birika, na hautoki tena. Kila ukoko ukiongezeka nafasi ya stima inapungua. Betri bado ni kubwa kwa macho, inabebwa na watu wawili, lakini ndani imebaki ya ukubwa wa kikopo. Ndiyo maana inajaa upesi asubuhi, mkafurahi, na ikaisha upesi jioni. Inayojaa upesi kuliko zamani si nzuri, ni mgonjwa.

Basi betri ya maji iwekwe FLD. Ile ya kufungwa ibaki AGM. Kosa la upande wa pili nalo ni baya: betri ya kufungwa ikiwekwa FLD inachemka ndani, inatoa hewa, na maji yaliyopotea hayana mlango wa kurudishiwa. Mkiona betri imevimba ubavuni, sababu yaweza kuwa hiyo. GEL ndiyo yenye moyo mwepesi kuliko zote, na hizo 14.1 zinaitosha.

Betri ya maji iliyoanza tu kushika ukoko inaweza kupata nafuu ikichajiwa kwa volti za juu kidogo kwa saa kadhaa, kazi ambayo mashine nyingine zina mpangilio wake. Ni kwa betri ya maji peke yake, ikiwa na maji ya kutosha, madirisha wazi, na mtu aliye karibu. Msijaribu kwa ya kufungwa, na kwa lithiamu hata msifikirie.

Lithiamu ina mambo yake. Ndani yake mna kidude cha ulinzi ambacho kikiona volti zimezidi au zimepungua mno kinakata mara moja, bila hodi. Mkiona nyumba nzima imezima ghafla saa sita mchana wakati jua ni kali na betri imejaa, mshukuni volti za kujaza zimewekwa juu mno. Kwa lithiamu namba 05 huwekwa USE, maana yake mtumiaji aseme mwenyewe, kisha namba 26 ambayo ni volti za kujaza, na 27 ambayo ni volti za kushikilia baada ya kujaa. Betri iliyoandikwa 51.2 ina seli 16, na volti 56 hadi 57 zinaijaza vizuri, ishikiliwe kwenye 54. Lakini zipo zilizoandikwa 48 zenye seli 15, na hizo 56 zitazizidi. Fuateni karatasi ya betri, si neno la muuzaji. Tena, msijaribu kukisia lithiamu imebaki ngapi kwa kutazama volti, kwa sababu husimama karibu mahali pamoja tangu asubuhi hadi inapokaribia kwisha, halafu inaanguka. Ile hesabu ya 12.7 na 12.2 ni ya betri za risasi tu.

Kumbukeni hili kuhusu mashine hizi: namba 26, 27 na 29 hukataa kubadilika mpaka 05 iwe USE. Wengi huhangaika kubonyeza, wakadhani kibonye kimeharibika.

Neno kuhusu joto. Volti za kujaza huhesabiwa kwa joto la nyuzi 25. Kwa ndugu zetu wa Garissa, Lodwar au Kilifi, ambako chumba kinaweza kuwa nyuzi 35, betri ya risasi inataka kama volti 0.2 hadi 0.3 pungufu, la sivyo inachemka na kukauka. Kinangop na Limuru ni kinyume, inataka kidogo zaidi. Mahali popote, betri isikae chini ya mabati yasiyo na dari.

VOLTI ZA KUKATA

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa katika vikundi, kwa sababu mtu akigusa namba hii taa huzima mapema, na wanachama wanamlaumu.

Namba 29 inaiambia mashine iache kuinyonya betri ikifika wapi. Kiwandani huwekwa chini sana, karibu 10.5 kwa kila betri ya volti 12. Kwa mtu anayepotelewa na stima mara moja kwa mwezi hiyo haina shida. Kwa kikundi kinachotegemea betri kila usiku, 10.5 ni kukamua ng'ombe hadi damu. Betri ya risasi inayomalizwa kabisa kila siku haiwezi kufika umri wa ile inayotumiwa nusu tu.

Wazee watakumbuka miaka ya 1990, betri ya gari ikibebwa kwa baiskeli hadi sokoni kuchajiwa, iangaliziwe televisheni nyeusi na nyeupe mpaka picha ikajikunja, ndipo irudishwe. Betri hizo zilikufa upesi, na tukazoea kwamba betri ni ya kumaliza kama mafuta ya taa. Sivyo. Na ile ya gari imeundwa kupiga mshindo mmoja wa kuwasha injini, si kutoa pole pole usiku kucha, kwa hivyo hata leo msiiunganishe na inveta kwa ajili ya bei rahisi.

Tuiweke ngapi basi? Kama mnatumia taa, redio na simu tu, 11.8 ni nzuri. Kama kuna friji au mashine ya kinyozi inayovuta kwa nguvu, volti huinama wakati wa kuwaka na kuinuka tena, na 11.8 itawazimia wakati betri bado ina chakula. Hapo 11.5 inaeleweka. Jaribuni wiki moja, mpime asubuhi, mrekebishe. Na waelezeni wanachama kabla ya kubadilisha, sio baada ya giza kuingia.

Ugonjwa mwingine ni wa washa-zima, washa-zima, usiku kucha. Betri ikikatwa mzigo inapumzika na volti zinapanda zenyewe bila kuchajiwa. Namba ya kurudisha ikiwa karibu mno na ya kukata, mashine inadanganyika, inawasha, inazima tena. Friji huharibika kwa mchezo huo. Kwenye zile zilizounganishwa na nguzo, namba 12 inasema betri ikifika wapi mhamie kwenye stima ya nguzo, na 13 inasema ikipanda hadi wapi mrudi kwenye betri. Ziachanisheni. Ya kuhamia 12.0, ya kurudi 13.5, na washa-zima itakoma.

JUA LITANGULIE AU NGUZO ITANGULIE?

Hili linawahusu walio na sola na stima ya nguzo pamoja. "Tulifunga sola na bili haikupungua hata shilingi." Tazameni namba 01. Ikisoma UTI au USB, mashine imeambiwa itumie stima ya nguzo kwanza, na betri zingojee tu siku ya kupotea kwa stima. Inafanya vile ilivyoambiwa. Ikiwekwa SBU, itatumia jua kwanza, kisha betri, na nguzo iwe ya mwisho.

Msikimbilie SBU bila kufikiri, ingawa. Shida yenu ni bili au ni kupotea kwa stima? Kikundi chenye vifaranga 200 kwenye kitotoleshi hakiogopi bili kama kinavyoogopa usiku mmoja bila joto. Kwao, betri ikitumika jioni na stima ya nguzo ikapotea saa saba usiku, mayai yamekwisha. Afadhali nguzo itangulie na betri ibaki imejaa, au SBU yenye namba 12 iliyopandishwa ili nusu ya betri iwe akiba. Kinyozi anayefunga saa mbili hana haja hiyo.

Namba 16 inasema betri ichajiwe na nani. OSO ni jua peke yake. SNU ni jua na nguzo pamoja. Penye mvua nyingi au ukungu wa Julai, OSO huacha betri na njaa wiki nzima, na ule ukoko tuliosema unajengeka. Miezi hiyo wekeni SNU. Jua likirudi mnaweza kurudisha.

Ampi za kuchaji nazo. Namba 02 ni jumla, 11 ni zile za kutoka kwenye nguzo. Nyingine hutoka kiwandani na ampi 60, ambazo ni za kundi kubwa la betri. Betri ya risasi hupenda sehemu moja ya kumi hadi mbili za kumi za ukubwa wake. Iliyoandikwa 100Ah ipewe ampi 10 hadi 20. Ya 200Ah, 20 hadi 40. Mkipitisha hapo inapata joto na kukauka.

Ampi hizo ndizo pia zinazozima jenereta ndogo. Watu husema jenereta ni mbovu, kumbe inveta inataka kuchaji kwa nguvu zote mara inapowashwa. Punguzeni namba 11. Na kama inveta inakataa jenereta kabisa, tazameni 03. Ikiwa UPS inachagua sana, volti zikienda chini ya 170 inakataa. Ikiwa APL inakubali hata za kuyumbayumba, kuanzia 90. Kwa kompyuta UPS ni salama zaidi, kwa taa na chaja APL haina neno.

KELELE NA NAMBA KWENYE KIOO

Mashine ikipiga kelele isome kabla ya kuizima. Kwenye aina hii, 02 ni joto limezidi ndani, mara nyingi kwa sababu ya vumbi, viota vya wadudu au gunia lililotundikwa juu ya matundu ya hewa. 03 ni volti za betri ziko juu mno, 04 ziko chini mno, 07 ni mzigo umezidi. 07 ikitokea kila jioni saa ile ile, ulizeni ni nani amechomeka pasi au birika ya stima. Kwa kawaida mtu huyo anajulikana.

MIPANGILIO HAIONGEZI JUA

Mkisharekebisha yote na bado stima haitoshi, fanyeni hesabu hii. Betri moja ya 100Ah ya volti 12 ina wati 1200 za saa moja. Tukitumia nusu ili idumu, ni 600. Taa sita za wati 5 kwa saa tano ni 150. Televisheni ya wati 40 kwa saa nne ni 160. Simu 20, kila moja kama 15, ni 300. Jumla ni 610. Betri imekwisha, na friji hatujaitaja.

Halafu kuna mlaji ambaye hatumwoni: inveta yenyewe. Ile kubwa hula kama wati 40 kwa kuwaka tu bila kazi yoyote. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi hiyo ni 480, karibu sawa na taa, televisheni na nusu ya simu zenu. Kama usiku hamna friji wala vifaranga, zimeni kwa swichi yake mkienda kulala. Na simu zichajiwe kati ya saa nne na saa tisa mchana, jua lenyewe litoe, betri isiguswe. Paneli zifutwe vumbi kwa maji na kitambaa asubuhi zikiwa baridi, na lile tawi la mwembe likatwe, kwa sababu kivuli kidogo kwenye paneli moja hupunguza kazi ya zile zilizofungwa nayo pamoja.

NANI AGUSE

Chagueni mtu mmoja, na msaidizi wake. Kabla ya kubadilisha lolote aandike namba zote zilivyo kwenye kitabu cha kikundi, na tarehe, au apige picha kwa simu. Abadilishe jambo moja, angoje siku chache, apime. Akibadilisha matano kwa siku moja hatajua lipi lilisaidia.

Mfuniko wa inveta usifunguliwe, hata ikiwa imezimwa, kwa sababu ndani hubaki stima ya kumrusha mtu. Atoe pete na saa kabla ya kugusa vichwa vya betri. Sigara na mshumaa visikaribie betri za maji, hewa yake hulipuka, na kwa sababu hiyo hiyo betri hizo zisiwekwe chumba cha kulala. Mkiwa na kontrola ya chaji ya peke yake, fungeni betri kwanza ndipo paneli, na mkifungua toeni paneli kwanza. Kontrola nyingine zikikosa betri husahau mipangilio yote na kurudi ya kiwandani, kwa hivyo mkibadilisha betri angalieni upya. Na kamwe mtu asichomeke waya wa inveta kwenye soketi ya ukuta ili "kurudisha stima ndani ya nyumba". Unaweza kumwua mtu aliye kwenye nguzo.

Kazi za waya mwachieni fundi. Kanuni za Kenya za 2012 zinamtaka fundi wa sola awe na leseni, ambayo leo inatolewa na EPRA kwa madaraja T1, T2 na T3. Mwombeni awaonyeshe, na mwulize kama daraja lake linafika kwa mtambo wa ukubwa wenu. Akimaliza, asimame na mwenyekiti mbele ya kioo, asome namba 01, 05, 16, 26, 27 na 29 moja moja, na katibu aandike. Msimalizie malipo kabla ya hapo. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika.

Mkisharekebisha, ngojeni siku tatu za jua zuri huku mkitumia stima kama kawaida. Kila asubuhi kabla ya jua, pimeni kwenye vichwa vya betri na mwandike. Ikiwa mlianza na 11.8, ikaja 12.0, ikaja 12.2, betri ilikuwa na njaa tu, na pesa ya kikundi ibaki benki. Ikikaa 11.8 siku zote tatu na paneli ni safi, basi peleka betri ikapimwe kwa mzigo dukani, mkiwa na kile kitabu mkononi ili mwenye duka aone ilivyotunzwa.